Treki za waya na gridi ya utengenezaji wa chipu: hii 68 imetoka wapi?

#1 Nukta_Tano

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma mafaili ya teknolojia ya SkyWater ya nanometa 130, ile iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2020 kwa ushirikiano na Google, na kuna jambo linanisumbua. Faili la LEF, linaloorodhesha tabaka na kanuni za waya, linataja gridi ya utengenezaji kuwa maikrometa 0.005, yaani nanometa 5. Kwa ninavyoelewa, kila kipeo cha kila umbo katika mchoro lazima kiangukie kwenye kigawe cha nanometa 5, na kinachoangukia katikati ni kosa. Mafaili hayohayo yanasema kwamba treki (mistari ya kuwekea waya) za metali ya kwanza, yaani tabaka la kwanza la metali, katika maktaba iitwayo hd ya seli (vipande vya saketi vilivyochorwa tayari), zimepishana kwa hatua ya maikrometa 0.34. Nikigawanya 0.34 kwa 0.005 napata 68 kamili, bila baki.

Dai langu ni hili: treki si kitu kipya, ni gridi ileile ya utengenezaji ambayo mtu ameamua kuutumia mstari mmoja na kuiruka 67. Ninachokosa ni sababu ya 68. Upana mdogo kabisa wa waya katika metali ya kwanza ni 0.14, na nafasi ndogo kabisa kati ya waya mbili ni 0.14. Jumla ni 0.28, sawa na vipande 56 vya gridi. Vipande 12 vinavyobaki vinakwenda wapi? Katika chipu nzima hiyo ni nafasi kubwa inayoachwa bure, na sijaona faili lolote linaloeleza nani ananufaika nayo.

#2 Tobo_na_Tabaka

Vipande 12 havikupotea, vimeliwa na matobo, yaani viungo vya wima kati ya tabaka za metali. Waya haiishi peke yake. Mahali fulani inabidi ipande kwenda metali ya pili, na hapo inahitaji tobo lenye upana wa 0.15 lililozungukwa na metali ya ziada ya 0.055 kila upande. Kwa hiyo pedi ina upana wa 0.26. Sasa weka waya nyembamba katika treki moja na pedi katika treki ya jirani, kisha pima kutoka kati hadi kati: nusu ya waya ni 0.07, nafasi ni 0.14, nusu ya pedi ni 0.13. Jumla ni 0.34. Hiyo ndiyo 68 yako, mkuu, na gridi ya utengenezaji haikuwa na usemi mkubwa katika jambo hilo.

Na ukitaka pedi mbili zikae ubavu kwa ubavu katika treki jirani, utahitaji 0.13 + 0.14 + 0.13, ambayo ni 0.40, na haiingii. Ndiyo maana programu ya kutandaza waya huyapisha matobo, moja mbele na jingine nyuma. Aliyechagua hatua hii alikubali kero hiyo ili asilipe 0.40 kila mahali.

#3 Safu_Kwa_Safu

Hesabu ya #2 ni nzuri, ila nina ugomvi na dai la mleta uzi kabla ya kufika kwenye sababu ya 68. Vitu hivi viwili havina hadhi moja. Gridi ya utengenezaji ni sheria: ukiivunja, mkaguzi wa kanuni atakukatalia na kiwanda kitakurudishia faili. Treki ni pendekezo. Katika teknolojia hii waya inaweza kutoka nje ya treki, ikaifuata pini (sehemu ya seli inayounganishwa na waya) iliyokaa vibaya, ikarudi, na hakuna kanuni ya kiwanda iliyovunjwa mradi upana na nafasi vimezingatiwa. Kusema treki ni gridi iliyorukwarukwa ni sawa na kusema ratiba ya treni ni saa iliyorukwarukwa. Ni kweli kila treni huondoka kwenye dakika fulani, lakini saa haikupanga safari.

Na tusisahau kwamba chini ya zote mbili iko ya tatu, ambayo ni kipimo cha data. Mafaili haya huhifadhi kuratibu kama namba kamili za nanometa 1. Kwa hiyo umbo lililokaa kwenye nanometa 2 linahifadhiwa bila malalamiko yoyote, ilhali kiwandani ni kosa.

#4 Mzee_Lamda

Vijana, enzi zetu mambo haya yalikuwa mepesi. Carver Mead na Lynn Conway, waandishi wa kitabu cha usanifu wa chipu, walitupa lamda, kipimo kimoja cha kuchorea, na kila kitu kikapimwa kwa lamda: polisilikoni (tabaka la malango ya transista) lamda 2, metali lamda 3, nafasi kati ya metali lamda 3. Gridi ilikuwa lamda, mchoro ulikuwa lamda, na teknolojia mpya ikija ulibadilisha thamani ya lamda ukaendelea na kazi. Hakuna aliyeuliza 68 imetoka wapi.

#5 Witiri

Mzee wetu, heshima yako, lakini lamda haikuwa gridi ya utengenezaji. Ilikuwa gridi ya mchoraji. Mashine ya kuandika maski, yaani kioo chenye picha ya mchoro, ilikuwa na gridi yake, na thamani ya lamda ilibidi ichaguliwe ili iwe kigawe cha gridi hiyo, la sivyo namba zingekadiriwa wakati wa kuandaa maski. Tena lamda haikuwa nyepesi kama unavyoikumbuka. Chukua hesabu ya #2 uifanye kwa lamda: nusu ya waya ni 1.5, nafasi ni 3, nusu ya pedi ya lamda 4 ni 2. Jumla ni 6.5. Waya yenye upana wa 3 ina mstari wa kati kwenye nusu lamda, na pedi yenye upana wa 4 ina mstari wa kati kwenye lamda kamili. Hazikutani. Watu walikwenda 7 wakanyamaza.

Jambo hilohilo lipo hata leo, na ndilo ninaloliona kuwa uhusiano wa kweli kati ya treki na gridi. Treki ni mstari wa kati wa waya, lakini gridi haikagui mstari wa kati, inakagua kingo. Kwa hiyo haitoshi treki iwe kwenye gridi, bali nusu ya upana wa waya nayo lazima iwe kigawe cha nanometa 5. Upana wa 0.14 ni vipande 28, ambavyo ni shufwa, nusu yake ni 14, na mambo ni salama. Ungekuwa na waya ya 0.065, yaani vipande 13, ambavyo ni witiri, nusu yake ingekuwa nanometa 32.5, na waya yoyote iliyokaa sawasawa juu ya treki halali ingekuwa na kingo mbili haramu.

Sasa marekebisho kwa #2. Pedi yako umeipa 0.055 kila upande, lakini hiyo inatosha pande mbili tu. Kanuni ya tobo hilo inadai 0.085 katika mwelekeo mmoja kati ya miwili. Hesabu yako ya 0.34 ni sahihi iwapo upande mrefu wa pedi umelala kuifuata waya. Ukiisimamisha pedi ikatize waya, nusu yake inakuwa 0.16, na hatua inakuwa 0.37.

#6 Tobo_na_Tabaka

Nimekubali. Nilidhani wasomaji watailaza pedi wenyewe.

#7 Nukta_Tano

Asanteni. Lakini maelezo ya tobo yananikwamisha nikipanda tabaka moja. Metali ya pili ina upana mdogo wa 0.14 na nafasi ya 0.14 kama ya kwanza, na hatua yake katika hd ni 0.46, vipande 92. Tobo la kwenda metali ya tatu lina upana wa 0.20 na metali ya pili inalizunguka kwa 0.04, hivyo pedi ni 0.28. Nikifuata kanuni ya #2 napata 0.07 + 0.14 + 0.14, yaani 0.35. Tobo halielezi 0.46 hata nikilisimamisha.

#8 Safu_Kwa_Safu

Halielezi kwa sababu 0.46 haikutoka kwenye metali. Seli za hd zimejengwa juu ya kiwanja (kipande cha msingi cha kupangia seli) chenye upana wa 0.46 na kimo cha 2.72, na kila seli ina upana ulio kigawe cha 0.46. Treki za metali ya pili husimama wima, kwa hiyo zikiwa na hatua sawa na upana wa kiwanja, kila seli, popote itakapowekwa katika safu, inaziona treki mahali palepale ndani ya mwili wake. Aliyechora seli anaweza kuiweka pini chini ya treki mara moja na asiifikirie tena. Ukiweka 0.35, seli ileile ingekuta treki pengine juu ya pini, pengine pembeni, kutegemea imetua wapi.

Na 0.34 nayo nitaidai iwe upande wangu: 2.72 ukigawanya kwa 0.34 unapata 8. Tobo linaweza kuwa sadfa iliyokaribishwa.

#9 Mtafuta_Njia

Nyote mnazungumza kama wachoraji wa seli. Mimi ninaandika programu za kutandaza waya, na upande wetu jibu ni kompyuta. C. Y. Lee alichapisha mwaka 1961 njia ya kutafuta barabara katika uwanja uliogawanywa kwa vyumba: unaanza kwenye pini, unalisambaza wimbi chumba kwa chumba hadi unaifikia pini ya pili, kisha unarudi ulikotoka. Njia hiyo haikosi barabara iwapo barabara ipo. Gharama yake ni idadi ya vyumba.

Sasa hesabuni. Milimeta moja ya mraba kwa gridi ya nanometa 5 ina nukta 200,000 kwa 200,000, yaani bilioni 40 kwa kila tabaka. Ukitumia treki za 0.34 na 0.46 unabaki na nukta milioni 6.4 hivi. Uwiano ni 68 mara 92, ambao ni 6,256. Kwa hiyo mleta uzi alipouliza nani ananufaika na mistari iliyorukwa, jibu langu ni kwamba ananufaika yule anayesubiri programu imalize kazi. Tena nukta zilizobaki zina sifa nyingine: waya mbili nyembamba zikikaa katika treki mbili tofauti, nafasi kati yake ni halali bila mtu kupima. Kanuni imekwishalipwa ndani ya hatua.

#10 Mzee_Lamda

Hapo ninaunga mkono. Na enzi zetu kulikuwa na mifereji: safu mbili za seli, katikati yake mfereji wa waya, na Hashimoto na Stevens mwaka 1971 wakaonyesha namna ya kuzipanga waya kuanzia ukingo wa kushoto ili mfereji uwe na treki chache iwezekanavyo. Treki hapo ilikuwa kipimo cha kimo cha mfereji, na wala hakuna aliyeifikiria maski.

#11 Kivuli_cha_Maski

Mzee, kila uzi ukiingia wewe tunarudi 1971, lakini leo umenisaidia kufika ninapotaka. Wakati huo treki ilikuwa ya hesabu tu. Leo, katika teknolojia ndogo, treki imekuwa ya kiwandani kuliko hata hiyo gridi mnayoiita sheria.

Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 193, kwa lenzi zenye maji kati yake na silikoni, kwa kupiga picha mara moja, huishia kwenye hatua ya karibu nanometa 80. Ukitaka hatua ya 40, unachora mistari ya muda yenye hatua ya 80, unaipaka ukuta mwembamba pembeni mwake, unaiondoa mistari yenyewe, na kuta zinabaki kuwa kielelezo cha mistari maradufu. Katika utaratibu huo nafasi kati ya waya inaamuliwa na unene wa ukuta. Huwezi kuichukua waya moja ukaisogeza nanometa 5 kwa sababu gridi inakuruhusu. Waya hiyo ni kivuli cha jirani yake. Treki zinapeana zamu, moja ni ya mstari wa muda na inayofuata ni ya pengo, na programu ya kutandaza inalazimika kuijua rangi ya kila treki, yaani iko zamu ipi.

Kwa hiyo #3 anaposema treki ni pendekezo, anasema kweli kuhusu teknolojia anayoifahamu. Kwingine anayetoka nje ya treki hana waya kabisa.

#12 Witiri

Ni sahihi, lakini haimjibu mleta uzi. Hatua yake ni nanometa 340. Hakuna kuta wala zamu za rangi katika 340, na bado treki zipo.

#13 Kivuli_cha_Maski

Sikusema zilianzia hapo. Nilisema zimefika hapo.

#14 Mshona_Bloku

Nitoe kisa changu kuhusu kile #3 alichokigusia, cha kipimo cha data. Nilipokea bloku ya analogia iliyochorwa na timu nyingine, safi kabisa, isiyo na kosa hata moja. Niliiweka ndani ya chipu kwa kuiburuta kwa kipanya, na programu yangu ilikuwa imewekewa mruko wa nanometa 1 badala ya 5. Bloku ikatua kwenye kuratibu inayoishia na 2. Usiku huo mkaguzi wa kanuni alileta makosa ya kutokuwa kwenye gridi kwa kila kipeo cha kila umbo ndani ya bloku, na orodha ilikuwa ndefu kiasi kwamba programu iliacha kuhesabu. Nilitumia nusu siku kuwatuhumu waliochora, kabla mmoja wao hajanionyesha kwamba makosa yote yalikuwa na mabaki yaleyale ya nanometa 2.

Somo nililolipata ni dogo lakini linahusu uzi huu: gridi ya utengenezaji haiwi mali ya bloku. Inaanzia kwenye asili ya chipu nzima, na bloku inaikosa au kuipata pale inapowekwa.

#15 Namba_Kamili

Nyongeza kwa wanaoandika hati za kukagua wenyewe. Msitumie desimali za kompyuta. Namba 0.005 haina umbo kamili katika mfumo wa jozi, kwa hiyo ukitafuta baki la 0.34 kwa 0.005 unaweza kupata kitu kidogo sana kisicho sifuri, na hati yako itapiga kelele juu ya mchoro usio na kosa. Geuzeni kila kitu kuwa nanometa, kisha gawanyeni namba kamili. Faili la GDSII lenyewe, linalobeba mchoro kwenda kiwandani, huhifadhi kuratibu kama namba kamili za biti 32; aliyelibuni alilijua tatizo hili kabla yetu.

#16 Safu_Kwa_Safu

Kisa cha #14 kina ndugu yake upande wa treki, na mimi ndiye niliyeangukia humo. Nilikuwa na bloku ya kumbukumbu niliyoiweka kwa uangalifu kwenye gridi ya nanometa 5, nikajisifu, na mkaguzi akanyamaza. Kisha programu ya kutandaza ikahangaika nayo kwa saa nyingi. Kila pini ilikuwa halali kiwandani na hakuna hata moja iliyokuwa chini ya treki. Kwa kila pini programu ilibidi itoke nje ya treki, ipinde kidogo, na kila kijipindo kikawa kinagusa kanuni ya eneo dogo la metali au kinamziba jirani. Niliisogeza bloku hadi kigawe cha hatua, na tatizo likaisha.

Ukitazama mipangilio mingi ya hd utaona eneo la seli linaanzia 5.52 kwa 10.88, namba ambazo mtu angedhani zimeokotwa. 5.52 ni viwanja 12 vya 0.46, na 10.88 ni safu 4 za 2.72. Ungeanzia 5.00 ungekuwa kwenye gridi ya utengenezaji bila shaka, lakini viwanja visingelingana na treki.

#17 Witiri

Na mwanzo wa treki una siri yake. Katika hd, treki ya kwanza ya metali ya kwanza haianzii sifuri, inaanzia 0.17, nusu ya hatua. Safu za seli hupinduliwa moja juu ya nyingine ili zigawane nyaya za umeme, hivyo treki lazima zionekane zilezile ukiitazama seli kichwa chini. Jaribuni: treki ya kwanza iko 0.17, ya nane iko 2.55, na 2.72 ukitoa 0.17 ni 2.55. Mianzo inayotimiza sharti hilo ni miwili tu, sifuri au nusu ya hatua. Kwa hiyo nusu ya hatua nayo lazima iangukie kwenye gridi, maana yake hatua yenyewe iwe vipande shufwa. Maktaba ya bure ya Nangate ya nanometa 45 ina waya ya 0.07 na nafasi ya 0.065 katika metali ya kwanza, jumla 0.135, lakini hatua yake ni 0.14 na gridi yake ni 0.005. Nusu ya 0.135 ni 0.0675, na hiyo haimo kwenye gridi. Ninashuku hapo ndipo nanometa 5 zilipokwenda.

#18 Tobo_na_Tabaka

Au zilikwenda kwenye kimo. Seli za Nangate zina kimo cha 1.4, na 1.4 ni treki 10 za 0.14. Ninashangaa mimi ndiye ninayeitetea hoja ya Safu.

#19 Safu_Kwa_Safu

Karibu nyumbani.

#20 Mtafuta_Njia

Kuhusu #17, kuna ajabu jingine ambalo hutuumiza sisi. Metali ya tatu ya hd ina hatua ya 0.68, mara mbili ya ile ya kwanza, na mtu angefikiri treki zake zimelala juu ya kila treki ya pili ya metali ya kwanza. Sivyo. Inaanzia 0.34, kisha 1.02, kisha 1.70, ilhali metali ya kwanza iko 0.17, 0.51, 0.85, 1.19. Hazikutani hata mara moja. Kila treki ya metali ya tatu imelala katikati ya mbili za chini. Ukitaka kupanda kutoka metali ya kwanza hadi ya tatu kwa matobo yaliyopangwa wima, huwezi bila kuivuta metali ya pili 0.17 pembeni. Zote ziko kwenye gridi ya utengenezaji bila dosari, na bado hazionani.

#21 Pembe_Nane

Samahani kwa kuingia na waya za mshazari, lakini hakuna aliyezitaja. Mimi huchora koili za masafa ya redio zenye pembe nane, na huko treki hazipo kabisa. Gridi ndiyo adui pekee. Waya ya 0.14 iliyolala kwa nyuzi 45 inataka vipeo vyake vikae 0.0495 kutoka mstari wa kati kwa kila mhimili. Gridi inanipa 0.045 au 0.050. Programu ikikadiria kwenda juu, waya ina upana wa 0.141 na niko salama. Ikikadiria kwenda chini, upana ni 0.127, na nimevunja kanuni ya upana kwa sababu niliitii kanuni ya gridi. Kwa hiyo hunenepesha waya kwanza, kisha huikabidhi kwa gridi.

#22 Kivuli_cha_Maski

#21 amenikumbusha kwamba hiyo nanometa 5 yenyewe tunaitukuza mno. Mchoro ukifika kiwandani, programu ya kurekebisha maski kwa ajili ya mwanga husogeza kingo kwa hatua ambazo zinaweza kuwa ndogo kuliko gridi ya mchoraji. Zipo pia teknolojia ambazo mchoro mzima hupunguzwa hadi asilimia 90 baada ya kukabidhiwa, na hapo gridi ya nanometa 5 inakuwa 4.5 kwenye silikoni bila mchoraji kuguswa. Kisha maski huchorwa kwa ukubwa mara nne, kwa hiyo 5 yako ni 20 kwenye kioo. Ipi kati ya hizo ndiyo gridi ya utengenezaji?

#23 Witiri

Ile ambayo kiwanda kitakurudishia faili ukiivunja. Hayo mengine ni gridi zao, si zetu.

#24 Nukta_Tano

Nimekaa na hesabu zenu, nikajaribu kulivunja dai langu mwenyewe. Nilichukua hatua ya vipande 69, yaani 0.345. Ni kigawe halali cha gridi, waya nyembamba inakaa vizuri, na hata pedi ya #2 inaingia. Kama treki zingekuwa gridi iliyorukwarukwa tu, 69 isingekuwa na tatizo. Lakini kimo cha safu ni 2.72, yaani vipande 544. Namba 69 ni 3 mara 23, na 544 ni 17 iliyozidishwa kwa mbili mara tano. Hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Kigawe kidogo cha shirika ni 69 mara 544, kwa hiyo seli ileile ingekutana na treki mahali tofauti katika safu 69 kabla ya mpangilio kujirudia. Na 69 ni witiri, nusu yake iko nje ya gridi, hivyo sharti la #17 nalo limevunjika.

Kwa hiyo ninaliondoa dai la kwanza na kuweka swali jingine: 68 ndiyo iliyozaa 544, au 544 ndiyo iliyozaa 68?

#25 Safu_Kwa_Safu

544 ilitangulia. Transista zinahitaji kimo fulani ili ziwe na nguvu inayofaa, kimo kinachaguliwa kwanza, kisha kinagawanywa.

#26 Tobo_na_Tabaka

68 ilitangulia, na nina ushahidi ambao nilipaswa kuuleta mapema. Teknolojia hiyohiyo ya SkyWater, yenye gridi ileile ya nanometa 5, ina maktaba nyingine iitwayo hs. Kimo cha seli zake ni 3.33 na hatua ya metali ya kwanza ni 0.37. Rudini kwa Witiri, #5: pedi ikisimamishwa, hatua inakuwa 0.37. Namba mbili za tobo, iliyolala na iliyosimama, na maktaba mbili zinazolingana nazo. Vimo vilikuja baadaye: 8 mara 0.34, na 9 mara 0.37.

#27 Safu_Kwa_Safu

Na metali ya pili ya hs ina hatua ya 0.48, ambayo ni upana wa kiwanja chake, kama nilivyosema katika #8. Tobo gani linatoa 0.48?

#28 Tobo_na_Tabaka

Nipe hadi kesho.

#29 Witiri

Wakati tunasubiri: 0.37 ni vipande 74 na 0.48 ni vipande 96. Zote shufwa.